ChatGPT ikigoma kukufungulia, anza kukagua laini na imeili yako



Baada ya maswali ya kiwango cha riali na ada za kutuma pesa, kuna swali jingine linalorudi tena na tena kwenye kikasha chetu: "Jamani, ChatGPT imegoma kunifungulia, nifanyeje?" Linatoka kwa dada zetu wa kazi za ndani walioko Riyadh na Muscat, kwa kaka zetu wa saiti za Dubai na Doha, na wakati mwingine kwa wale wa Uingereza wanaotunza wazee. Huenda ukashangaa ukurasa wa pesa unaingiaje kwenye mambo ya akili mnemba. Wengi wenu mnaitumia kwa kazi nzito: kutafsiri mkataba wa Kiarabu, kumwandikia wakala kwa Kiingereza kilichonyooka, kupiga hesabu ya mshahara uliokatwa. Halafu kuna hili linalotutia wasiwasi zaidi: imeili na laini inayofungua ChatGPT, kwa wengi wenu, ndiyo hiyo hiyo inayofungua programu ya kutuma pesa nyumbani. Ukihangaika na moja ovyo ovyo, unaweza kujifungia na nyingine.

Mazungumzo yapo, mlango ndio mwingine

Dada mmoja anayefanya kazi Riyadh alituandikia akiwa na hofu. Alinunua simu mpya, akaweka ChatGPT, akaingia bila shida yoyote, akakuta patupu. Mazungumzo ya miezi minane hayapo: tafsiri ya mkataba wake, orodha ya miezi aliyolipwa nusu, hesabu ya pesa aliyomtumia mdogo wake za kununua mabati. Alidhani kuna mtu kaingia akafuta. Tulimuuliza swali moja tu: kwenye simu ya zamani ulikuwa ukibonyeza wapi ili uingie? Akakumbuka. Ile ya zamani ilikuwa iPhone ya mtumba na alikuwa akiingia kwa kitufe cha Apple. Hii mpya ni Android, akabonyeza cha Google.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. ChatGPT ina milango kadhaa: unaweza kuingia kwa imeili na nenosiri, kwa Google, kwa Apple au kwa Microsoft. Ukipita mlango wenye imeili tofauti na ile ya mwanzo, hauambiwi "umekosea". Unafunguliwa akaunti mpya kabisa, tupu, na ile ya zamani inabaki palepale ikikusubiri. Wakati mwingine ni kinyume chake: imeili ni ile ile lakini mlango sio ule, ndipo unaletewa ujumbe kwamba akaunti hii ilifunguliwa kwa njia nyingine. Ujumbe huo hausemi umefungiwa. Rudi nyuma, jaribu mlango mwingine.

Wenye Apple wana mtego wao wa ziada. Siku ya kujiandikisha Apple hukuuliza kama unataka kuificha imeili yako, na ukikubali inakutengenezea anwani ya ajabu ajabu inayoishia na privaterelay.appleid.com. ChatGPT inaijua hiyo tu. Ukija baadaye ukaandika imeili yako ya kawaida, haikutambui. Dawa yake ni kupita tena kwa kitufe cha Apple, hata kama sasa unatumia Android; fungua chatgpt.com kwenye Chrome na kitufe hicho utakiona. Dada yetu alifanya hivyo, Apple ikamtumia namba ya uthibitisho kwenye laini yake, ambayo kwa bahati bado ilikuwa hai, na mazungumzo yake yote yakarudi.

Kama hukumbuki kabisa ulitumia imeili ipi, ingia kwenye kila kikasha ulichonacho utafute neno OpenAI, ambalo ndilo jina la kampuni yenye ChatGPT. Kikasha chenye barua zao za mwanzo ndicho chenye akaunti.

Na tukiwa hapo hapo: ChatGPT usiigeuze kabati la nyaraka. Mkataba uupige picha, uuweke mahali pengine pawili. Ukiwa ndani, kwenye mipangilio, upande wa udhibiti wa data, kuna mahali pa kuomba nakala ya mazungumzo yako yote. Wanakutumia kiungo kwenye imeili, na kiungo hicho hufa baada ya saa 24, kwa hiyo usikiombe usiku wa kazi ukakilalia.

Mwenye haraka ya leo usiku, labda kuna barua ya Kiarabu na kesho asubuhi unatakiwa kuitia saini, asipoteze muda na akaunti. Tangu Aprili 2024 OpenAI ilianza kuruhusu watu kutumia ChatGPT bila kujiandikisha. Fungua chatgpt.com, usibonyeze pa kuingia, andika swali lako. Haitakuhifadhia historia, lakini jibu utalipata.

Kabla hujagusa nenosiri

Watu wengi wakikataliwa mara moja wanakimbilia kubadilisha nenosiri. Tulia kwanza. Huenda tatizo ni la wenyewe, fungua status.openai.com uone kama mitambo yao iko sawa. Zima waifai ya kampi au ya nyumba ya bosi, jaribu kwa bando lako dakika mbili tu, maana waifai nyingine zimefungwa kwa makusudi. Angalia saa ya simu yako: ikiwa mbele au nyuma, namba za uthibitisho zinazotengenezwa na programu ndani ya simu hukataliwa na kurasa salama hugoma kufunguka, kwa hiyo iache ijipange yenyewe kwa mtandao. Simu ikiwa ya zamani na programu haikubali kuwekwa, tumia Chrome. Na kama umeshajaribu mara nyingi mfululizo ukaambiwa umezidisha, weka simu chini, rudi baadaye. Kila unavyozidi kubonyeza ndivyo unavyozidi kuchelewa.

VPN tuizungumze peke yake. Tunajua kwa nini mnaiweka, ni kwa ajili ya kupiga simu za WhatsApp nyumbani. Lakini ChatGPT inapatikana katika nchi zote sita za Ghuba bila VPN, na pia Kenya, Tanzania na Uganda. VPN ndiyo inayokuharibia: inakufanya uonekane uko Urusi au China, ambako huduma hii haitolewi, au unaonekana unatoka kwenye anwani moja na maelfu ya watu wengine, na mlango unajifunga. Izime, ujaribu tena. Walioko Imarati wajue pia kwamba sheria yao ya makosa ya mtandaoni ya mwaka 2021 inaweka faini ya kuanzia dirham 500,000 hadi 2,000,000 kwa anayetumia VPN kutenda kosa au kulificha. Hiyo si pesa ya kubahatisha nayo.

Laini yako imeandikwa jina la nani?

Hapa ndipo penye mzigo wenyewe. Nenosiri ukilisahau, kuna kitufe cha kuliomba upya, na barua inakuja kwenye imeili yako. Imeili nayo ukiisahau, Google inakutumia namba kwenye simu. Kwa hiyo mwisho wa yote ufunguo ni ile laini. Sasa jiulize: iko kwa jina la nani?

Katika Ghuba laini husajiliwa kwa kitambulisho cha ukaaji. Wengi mlipofika hamkuwa nacho bado, madamu au wakala akakupa laini aliyoisajili kwa jina lake, ukafurahi umepata mawasiliano na nyumbani. Miaka miwili ikapita na kila kitu ukakiandikisha kwa namba ile: Gmail, programu ya pesa, ChatGPT. Siku mkikosana, au mkataba ukiisha, anaifunga, au anaichukua. Kuanzia hapo namba zako za uthibitisho zinakwenda kwake. Hata laini iliyo kwa jina lako hukatwa kibali cha ukaaji kikiisha bila kuongezwa. Ukishapata kitambulisho chako, laini ya kwanza kununua iwe ya jina lako mwenyewe, hata ikiwa ya bando dogo kabisa. Walioko Saudia hili wanalijua kwa upande wa Absher, ambayo nayo inataka namba iliyosajiliwa kwako.

Laini ya nyumbani ina hadithi yake. Ikikaa muda mrefu bila salio wala matumizi, kampuni ya simu huifunga na baadaye kuiuza kwa mtu mwingine. Mtu huyo hakuibii kitu, hata hakujui, lakini namba za Gmail yako zinaingia kwake. Ndiyo maana wengi huiacha laini kwa kaka au shemeji, aitie vocha na apokee pesa za M-Pesa. Sawa, lakini elewa umemwachia nini. Anayeshika laini yako anashika pia ufunguo wa imeili yako, kama imeili inategemea laini hiyo. Hatusemi ndugu zako ni wezi. Tunasema imeili isimtegemee mtu mwingine kufunguka.

Basi fanya hivi siku ya mapumziko, ukiwa na laini iliyo hai mkononi. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, uangalie namba ya simu na imeili ya kurejeshea akaunti. Weka namba unayoishika leo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha uombe namba za akiba: Google hukupa 10, kila moja ya tarakimu 8, na kila moja hufanya kazi mara moja tu, bila laini wala mtandao wa simu. Ziandike kwenye karatasi, uziweke na paspoti. Kama paspoti inashikwa na mwajiri, ziweke unakoweka akiba yako ya siri. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo, kwani simu ikiibiwa zinakwenda nayo.

Anayekaribia kuondoka moja kwa moja abadilishe namba kabla ya kupanda ndege, sio baada. Aanze na imeili, halafu programu ya pesa na benki, ChatGPT iwe ya mwisho. Mkiwa Mwanza au Kakamega na laini ya Oman imeshakatwa, kila hatua inakuwa ngumu mara kumi.

Jambo jingine linaloponza watu ni kuuza simu ya zamani mapema, au kuiflashi. Google yenyewe inashauri ukiomba kurejeshewa akaunti ufanye hivyo kwenye simu na mahali ulipozoea kuingilia, kwa sababu inakutambua kwa hivyo. Simu ya zamani, hata ikiwa na kioo kilichopasuka, ni shahidi wako. Ikae mpaka mpya iwe imefungua kila kitu.

Imeili aliyokufungulia kijana wa saiba

Kwa ndugu zetu wa Kenya hasa: wengi wenu imeili mlifunguliwa saiba siku ya kuomba paspoti kwenye eCitizen. Kijana aliandika jina, akatunga nenosiri, akakuandikia kwenye kikaratasi. Namba ya kurejeshea akaunti wakati mwingine ni ya kwake, ili kazi iende haraka. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na foleni. Lakini imeili hiyo leo ndiyo inayopokea risiti za pesa zako na ndiyo inayofungua ChatGPT. Ukiwa bado unaweza kuingia, ingia leo ubadilishe nenosiri, uondoe namba usiyoijua. Na uwe unaitumia mara kwa mara, maana Google ina sera ya kufuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka 2 bila kutumika.

Anayeingilia ChatGPT kwenye tableti ya watoto wa bosi au simu ya mwenzake wa chumbani atoke akimaliza. Umesahau kutoka? Kwenye mipangilio ya ChatGPT, upande wa usalama, kuna kitufe cha kukutoa kwenye vifaa vyote kwa pamoja. Sio kila madamu atafurahi kusoma ulichomuuliza ChatGPT kuhusu mshahara wake kuchelewa. Na namba ya paspoti, ya kadi ya benki na PIN usiziandike humo hata siku moja. Mkataba unaweza kuutafsiri bila hizo. Zifunike kwa kidole unapopiga picha.

"Nitumie OTP nikufungulie"

Fundi mmoja wa Dubai aliandika kwenye kundi la Facebook kwamba ChatGPT imemkataa. Baada ya muda mfupi alipata mtu wa kumsaidia kwa dirham 50. Mtu yule aliomba namba yake ya simu, akasema, "Sasa hivi utapata meseji, nisomee tarakimu." Meseji ilikuja, kwa Kiarabu, akamsomea. Ile haikuwa ya ChatGPT. Yule mtu alikuwa ameingia kwenye programu ya pesa, akaandika namba ya fundi, akabonyeza "nimesahau nenosiri". Mshahara wa mwezi mzima uliokuwa kwenye pochi ya simu ukaondoka usiku huo huo.

Tazama alivyonaswa. Mtu aliyefungiwa nje anangoja namba ya uthibitisho, kwa hiyo ikija haishangai. Na meseji za huku nyingi huja kwa Kiarabu, hata anayesoma Kiingereza vizuri haoni imetoka wapi. Kanuni yetu ni fupi: meseji yoyote yenye tarakimu, angalia kwanza jina la aliyeituma pale juu, na kama maneno huyaelewi, tumia kamera ya Google Tafsiri kuyasoma kabla ya kuzigusa hizo tarakimu. Halafu hazisomewi mtu. Hata mtu anayesema ni wa OpenAI. Hata binamu.

OpenAI hawana mawakala mitaani wala kwenye Facebook. Msaada wao uko help.openai.com, kwa maandishi, bila malipo. Kuna wakati ungeweza kuzungumza na ChatGPT ndani ya WhatsApp. Njia hiyo ilianza Desemba 2024 na ikafungwa tarehe 15 Januari 2026, baada ya WhatsApp kubadilisha masharti yake. Kama ulikuwa unaitumia kule na sasa imekata, simu yako haina ubaya. Ila ukiona leo namba ya WhatsApp inajiita ChatGPT na inakuomba uthibitishe akaunti, hiyo ni ya matapeli.

Aliyekwisha kutoa namba asikae kujilaumu, dakika zinahesabika. Apige simu kampuni ya pesa kwa namba iliyo nyuma ya kadi au kwenye risiti, sio aliyoipata kwenye kundi, aombe pochi isimamishwe. Abadilishe PIN, kisha nenosiri la imeili, kisha atoke kwenye vifaa vyote. ChatGPT inaweza kusubiri mpaka kesho.

Umefungiwa nje, na kadi inaendelea kukatwa

ChatGPT ya bure inatosha kwa tafsiri na hesabu zetu nyingi. Ile ya Plus ni dola 20 kwa mwezi, yaani riali 75 za Saudia, dirham 73 na kidogo, au riali 7.7 hivi za Oman. Kwa mwaka ni riali 900 za Saudia. Uamuzi ni wako, lakini upige hesabu hiyo kabla ya kubonyeza. Kuwa mwangalifu pia na programu zenye nembo inayofanana zinazotoza kwa wiki. Ya kweli, chini ya jina lake dukani, imeandikwa OpenAI.

Tabu ni pale mtu anaposhindwa kuingia, anaifuta programu kwenye simu, anadhani yameisha. Kuifuta hakusimamishi malipo. Kama ulilipia kupitia Google Play au duka la Apple, fungua duka lenyewe, tafuta sehemu ya usajili, usitishe huko. Huhitaji kuingia ChatGPT kwa hilo. Kama uliweka kadi moja kwa moja chatgpt.com na akaunti haifunguki, waandikie help.openai.com ukitaja imeili iliyotumika, tarehe ya makato na kiasi, lakini namba kamili ya kadi usiwape. Wakikawia na tarehe ya makato inakaribia, nenda benki na taarifa ya akaunti mkononi, uwaonyeshe mstari wenyewe, uwaombe wazuie malipo ya kampuni hiyo.